Mjomba Niliyemkana Dukani

Mjomba Hemedi,

Shikamoo. Ni mimi Zuhura, mtoto wa dada yako Mwanaidi. Naandika nikiwa chumbani kwako hapa Ilala, mchana, Mama kaenda sokoni. Kompyuta iko mbele yangu nimeizima makusudi, maana ikiwaka najijua, sitaandika.

Huu ni mwezi wa tatu tangu tukuzike. Kibaraza chako cha kutengenezea redio kimepangishwa kwa dada mmoja anayeuza makava ya simu. Wateja wako bado wanakuja. Juzi alikuja mzee mmoja na redio yake kaifunga kwenye kanga, nikamwambia fundi hayupo tena duniani, akakaa pale kwenye ngazi akalia bila aibu. Mama bado anasonga ugali wa watu watatu. Kila siku unabaki, kila siku anasema kesho atapunguza.

Mjomba, nina neno. Nimelibeba tangu ile Jumamosi tuliyokwenda Kariakoo. Acha nilisimulie tangu mwanzo, hata yale unayoyajua, maana nikirukaruka nitapata pa kujificha.

Unakumbuka nilivyokuwa nataka kompyuta ya gemu. Mama alisema ni upuuzi, binti wa chuo anacheza gemu za nini. Wewe ulimsikiliza mpaka akamaliza, ndipo ukasema, "Asinunue iliyofungwa. Ikizima atabaki anaiangalia tu. Aiunge mwenyewe." Pesa nilikuwa nazo za kusuka watu nywele. Nilichokosa ni mtu wa kuniambia inawezekana.

Jioni tukawa tunakaa uani, mimi nakusomea vifaa kutoka kwenye simu, wewe unataka nikueleze kimoja kimoja. Wewe fundi redio, sukari imekuchukua macho nikiwa kidato cha pili, kompyuta kama hiyo hujawahi kuiona.

"Prosesa ndiyo nini?"

"Ndiyo inayofikiri, Mjomba."

"Na hiyo kadi ya picha?"

"Ndiyo inayochora. Bila hiyo gemu linakwamakwama."

Ukacheka mpaka ukakohoa. "Basi mimi bodi yangu ni nzima, kadi ya picha ndiyo imeungua."

Jumamosi ile ulivaa shati lako jeupe la Idi. Ulimuuliza Mama mara mbili kama kola ni safi. Tulitembea kwa miguu, mkono wako begani kwangu, fimbo mkono wa pili, watu wamepanga bidhaa mpaka katikati ya njia na wewe hukukanyaga hata kitu kimoja. Nilikuwa najivunia wewe. Nataka ulijue hilo. Mpaka tunaingia dukani nilikuwa najivunia.

Duka lenyewe lilikuwa ndani ya korido ya ghorofa moja, la Mzee Salim, yule ambaye babu zake walitoka Yemeni. Alikupa stuli. Ukamwambia, "Huyu mpwa wangu anaunga mashine. Tutolee na vilivyotumika, ila vizuri." Akatoa bodi. Ukapitisha vidole taratibu juu ya zile kapasita, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, moja moja, kama mtu anayehesabu watoto. "Hii moja ina kitumbo," ukasema. "Inakaribia kupasuka." Mzee Salim akavaa miwani, akaangalia, akairudisha kwenye droo. Ya pili ukaikubali. Kwenye pawa saplai, ile ya kuilisha mashine umeme, ukaziomba mbili, ukazipima mkononi, hii kulia, hii kushoto. "Nyepesi imejaa upepo. Inaandika nguvu ambazo haina. Chukua nzito." Nikaitia kwenye mfuko.

Halafu kadi ya picha. Ukaizungusha feni kwa kidole ukiwa umeitegea sikio, ukaipeleka puani. Ukainusa, ukarudia. "Hii imepikwa, Zuu. Imefanyishwa kazi ya punda."

Hapo ndipo watu walipocheka. Walikuwa wamesimama nyuma yetu wanne au watano, wateja tu. Mmoja akasema, "Babu ananusa kompyuta kama papa wa sokoni!" Mwingine alikuwa anakupiga video. Mjomba, joto lilinipanda kuanzia shingoni. Shati lako, ambalo dakika kumi kabla nililiona linapendeza, nikaliona limepitwa na wakati. Nikaona zile ndala zako. Nikaona unavyouinua uso juu unapoongea, hujui aliyeko mbele yako yuko wapi.

Na hapo hapo akaingia Denis.

Sikuwahi kukwambia Denis ni nani. Nasoma naye chuo. Ana timu yao ya gemu, wanacheza mtandaoni na timu za mikoani, na nafasi moja ilikuwa wazi. Waliniambia nikiwa na mashine yangu wataniingiza, mimi msichana peke yangu. Nilikuwa nimewatambia kwamba najua kila kitu, nimejifunza mwenyewe mtandaoni, hakuna aliyenifundisha. Aliingia na wenzake wawili.

"Oya Zuu, mambo!"

"Poa."

"Umekuja na nani?"

Wewe ulikuwa umeshaigeukia ile sauti. Ulikuwa unatabasamu. Ulishanyoosha mkono umsalimie.

Nikasema, "Sijaja na mtu. Huyu mzee nimemkuta barabarani, nimemvusha tu."

Nimeyaandika. Ndiyo maneno yenyewe, sijayapunguza.

Mkono wako ulikaa hewani kidogo. Kisha ukaushusha mpaka kwenye kaunta, ukaipapasa fimbo yako, ukasimama. "Ahsante, binti," ukasema. "Mungu akuzidishie. Mimi hapa nimeshafika." Ulisema kwa sauti ambayo haikuwa yako. Ilikuwa sauti ya mzee yeyote, mzee aliyevushwa barabara na mtu asiyemjua. Uliupokea uongo wangu ukaumalizia vizuri kuliko nilivyouanza mimi. Ukatoka. Mzee Salim akaniangalia. Mimi nikaangalia kadi.

Denis akasema ile kadi uliyoinusa ni nzuri, na yeye anayo kama hiyo. Nikainunua. Nikanunua na vilivyobaki, prosesa, ramu ya kumbukumbu, kesi ya kuvifungia, wenzake wakanisaidia kubeba, tukatoka tunacheka sijui nini, tukapanda bajaji mpaka Ilala. Sikukutafuta. Nilijiambia umeshaondoka, Kariakoo unaijua tangu kabla sijazaliwa. Nilijiambia hivyo njia nzima.

Nyumbani hukuwepo. Mama akauliza, "Mjomba wako umemwacha wapi?"

"Amepitia msikitini."

Ulirudi jua likiwa linazama. Suruali ilikuwa na vumbi kwenye goti, na chini ya vumbi damu. Mama akakuuliza kama kweli ulipitia msikitini. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Ukasema, "Ndiyo. Nimejikwaa pale kwenye ngazi." Halafu ukageuka upande wangu. "Zuu, vyote vimepatikana? Nipe niguse."

Nikakupa boksi moja moja. Ulipofika kwenye kadi uliijua. Niliona kidole chako kimetulia kwenye ile feni. Nilingoja useme. Ungesema hata neno moja, Mjomba, ningepiga magoti pale pale. Ulisema, "Haya. Kesho tunaifunga. Usikaze skrubu kwa haraka."

Kesho yake ulikaa na mimi tangu asubuhi, skrubu zote umezishika kwenye kiganja, unanipa moja moja nikizitaka. Ilipowaka ulisikia feni kabla mimi sijaona taa. Ukapiga makofi. Mama akaja kuuliza kuna nini, ukamwambia, "Mwanao ameunga mashine." Hukusema tumeunga. Ulisema ameunga.

Na ile kadi haijaharibika. Nakwambia kwa sababu naona ni haki yako kuijua habari yake. Pua yako ilikosea, au kadi ina roho ngumu, sijui. Kila nikiiwasha natamani iungue, itoe moshi, niseme Mjomba alinionya. Inawaka tu. Inachora vizuri. Timu waliniingiza, na tumeshinda mara kadhaa, na nikishinda wananipigia kelele za shangwe masikioni, na mimi najisikia vibaya.

Wiki kama tano baada ya ile Jumamosi ukaanza kuvimba miguu. Hospitali daktari alisema figo, sukari imezichosha siku nyingi. Hakutaja goti. Nilimuuliza mara mbili kama ni lile jeraha la goti. Mara ya pili alinitazama akaniuliza, "Goti lipi?" maana lilikuwa limeshapona, kovu tu. Hata hilo halikunipa usingizi.

Siku moja tulibaki wawili wodini. Nikasema, "Mjomba, ile siku kule Kariakoo..." Ukaniuliza kama leo ni Ijumaa. Nikasema hapana, ni Alhamisi. Mama akaingia na uji. Nikanyamaza, na Mungu anisamehe, nilishukuru kwamba ameingia. Jumapili ukafariki.

Baada ya arobaini yako nilirudi kwa Mzee Salim, natafuta waya. Aliniuliza, "Mjomba wako hajambo?"

Aliuliza hivyo hivyo. Mjomba wako. Kumbe alijua siku zote, si ulimwambia mwenyewe tulipoingia? Nilikuwa nimedanganya mbele ya mtu aliyeujua ukweli, na nilikuwa nimeusahau.

Nikamwambia umefariki. Akavua kofia, akakuombea. Kisha akanisimulia kitu ambacho wewe hukuwahi kukisema.

Alisema hukuondoka. Ulisimama pale kwenye korido, umeegemea ukuta karibu na mita za umeme. Sisi tukiwa bado tunachagua vifaa, alikufuata na kiti, ukakataa. Akakuuliza, "Nikuitie huyu binti?" Ukamwambia, "Muache, yuko na wenzake. Ila niambie akitoka salama na mzigo wake." Mjomba, tulipita hatua tatu kutoka uliposimama, na sikugeuza hata shingo. Mzee Salim akakwambia, "Wametoka." Kelele za korido zilikuwa nyingi, ukamuuliza, "Anacheka?" Akasema, "Anacheka." Ukasema, "Alhamdulillahi." Alitaka kukutafutia mtu wa kukupeleka, ukasema njia unaijua, ukaenda.

Sikumbuki kama waya niliununua. Nilitembea mpaka nyumbani nikamkuta Mama anachambua mchele. Nikamwambia yote, na goti, na msikitini. Nilitegemea atanipiga. Mkono wake uliendelea kutoa mawe kwenye ungo, muda mrefu. Kisha akasema, "Mimi usiniombe radhi. Hukunikana mimi. Mwambie mwenyewe."

"Mama, amekufa."

"Mwandikie. Kuandika ulifundishwa kwa hela za nani kama si za redio zake?"

Hajaongea na mimi vizuri tangu siku ile. Namuelewa. Wewe ulikuwa kaka yake wa pekee, mlitoka wote Lindi mkiwa watoto.

Jumanne nikamtafuta Denis chuoni. Nikamwambia, yule mzee wa dukani alikuwa mjomba wangu, ndiye aliyenichagulia vifaa, ndiye aliyenifundisha kushika bisibisi nikiwa na miaka saba. Nilidhani atanicheka au ataniona mtu mbaya, na yote mawili nilikuwa tayari. Akatazama chini.

"Alininyooshea mkono," akasema. "Mimi nilidhani anaomba hela."

Denis si mtu mbaya, Mjomba. Ningesema maneno mawili tu, angeupokea mkono wako na kukuamkia, angekaa na wewe kwenye ile stuli akuulize habari za kapasita. Ninyi wawili mngependana. Mimi ndiye niliyewanyima. Mwishowe akaniuliza umezikwa wapi, na kama yeye, Mkristo, anaruhusiwa kuja. Nikamwambia anaruhusiwa.

Sikuombi unisamehe, maana nakujua, ungenisamehe kabla sijamaliza sentensi, na mimi sitaki iwe rahisi hivyo. Nakuomba radhi tu. Nilikuonea haya mbele ya watu wasionijua, wewe uliyenijua tangu sijui kutembea. Hukuwa mzee wa barabarani. Ulikuwa mtu wangu.

Ijumaa baada ya swala tunakuja makaburini, mimi na Mama na Denis. Mama amekubali, kaniambia nimuamshe mapema afue mtandio wake mweupe. Tukifika nitasimama karibu nawe nimwambie Denis kwa sauti, ili na walioko jirani wasikie: "Huyu ni mjomba wangu, Hemedi, fundi redio wa Ilala. Nilikuja naye." Na kila atakayeniuliza, popote, nani kanifundisha, nitaanza na jina lako ndipo nifike langu. Hiyo ndiyo ahadi yangu, na Mama ni shahidi, barua hii nitamsomea akirudi.

Pumzika, Mjomba wangu. Mungu akutilie nuru huko uliko.

Mpwa wako,
Zuhura