Pete Ndogo ya Mlango Wetu

Talaa Kebira,
Mji Mkongwe, Fes.
9 Novemba 2011.

Mpendwa mpwa wangu Jawad,

Salamu zangu ziwakute mkiwa wazima, na baridi ya huko Ubelgiji iwe bado haijawafikia mifupani. Je, mgongo wa Odile umepata nafuu? Na Lina, bado anakohoa usiku? Nijibu hata kwa mistari michache, maana kwenye simu sasa nasikia mvumo tu.

Mimi sitakuficha. Figo zimechoka. Daktari aliyekuwa akinipangia siku ya kurudi sasa ananiaga bila kunipangia lolote. Nimefundisha Kifaransa maisha yangu yote, Jawad; najua maana yake mwalimu anapoacha kumpa mwanafunzi kazi ya nyumbani.

Mvua zimeanza. Mlimau wa uani umezaa sana mwaka huu na hakuna wa kuchuma. Jirani yetu Ghita huniletea bakuli la harira kila jioni, kisha husimama kando yangu kama askari jela mpaka niimalize. "Kunywa, Bwana Thami," ananiambia, "usije ukafa ukasema ni supu yangu."

Nakuandikia kwa sababu ya siku ile niliyokupigia simu kukuambia mama yako amefariki. Uliniuliza jambo moja tu: "Aliniulizia?" Nikakujibu kwamba hakukuulizia. Ukasema tu, "Sawa, mjomba." Hiyo "sawa" yako nimelala nayo na kuamka nayo. Nilikwambia kweli, lakini kweli nusu, na sitaki nife na nusu ya pili kifuani.

Bila shaka unaukumbuka mlango wetu. Una pete mbili za shaba za kubishia hodi. Ile kubwa ya juu, yenye sauti nzito, ni ya wageni. Wanawake wakiisikia hujifunika. Ile ndogo ya chini, yenye sauti nyembamba, ni ya watu wa nyumbani, na mwenye kuigonga hupokelewa kichwa wazi. Wewe ulikuwa hufiki kwenye ile kubwa hata ungetaka. Tangu uondoke na baba yako ukiwa na miaka minane, ile ndogo ilikosa mtu. Mimi nina ufunguo. Ghita hupiga kelele kutoka juu ya dari lake. Ilibaki kimya miaka na miaka, lakini mama yako aliendelea kuitia mafuta, na akikatazwa hukasirika.

Asubuhi moja ya Aprili, pete ndogo iligongwa.

Mama yako alikuwa amekaa uani, macho yake yakiwa yameshafunikwa na ukungu. Kikombe kilimtoka mkononi. "Jawad!" alisema. Hakupaza sauti, alisema kama mtu anayesoma jina lililoandikwa ukutani. Akasimama bila fimbo, bila mtandio, akaanza kuupapasa ukuta kuelekea mlangoni. Nilimpita nikafungua.

Alikuwa mtalii. Mreno, Duarte jina lake, wa umri kama wako, mrefu, mfuko begani. Kazi yake ni kurekebisha sauti za piano. Aliniomba radhi kwa Kifaransa, uso umemwiva kwa aibu. Alikuwa akipita vichochoroni akisikiliza milango, akaona pete yetu ndogo ina sauti tamu kuliko ile kubwa. Alitaka kuisikia tu, kisha aende zake.

Kabla sijamjibu, mama yako alikwisha fika. Mikono yake ikamshika uso: paji, pua, kidevu. Ghita alikuwa ameinama darini akitazama, akanipigia kelele, "Hata pua si ya kwenu hiyo!" Nilimnyamazisha kwa mkono; mama yako hakumjali. Nikamwambia yule mgeni kwa Kifaransa, haraka, "Anadhani wewe ni mwanawe." Nilitegemea atarudi nyuma. Hakurudi. Aliinama ili mikono ya mama yako isichoke kunyanyuka.

Usishangae kwamba hakuishtukia sauti. Kiarabu chako kilikupotea ungali mdogo, na kila uliposema naye kwenye simu nilikuwa mimi katikati, nikitafsiri. Kwake, mwanawe alikuwa ni Kifaransa asichokielewa na sauti ya kaka yake ikifuata nyuma. Basi tulikaa uani watatu, nikafanya kazi ileile.

Alimmegea mkate, akauchovya mafuta ya zeituni, akamtia mdomoni mwenyewe. "Muulize, kapitia wapi?"

Duarte alisema ametoka Marrakesh.

"Marrakesh! Watu wa Marrakesh ndio waliomzaa? Anaanza kwao, mimi anikute mwisho?"

Nilimtafsiria, naye akacheka, kisha akajitetea. Alisema ngoma za uwanja wa Marrakesh zilimganda nguoni kama moshi, hata hotelini alizisikia. Meknes alikaa mbele ya lango kubwa lile ambalo hapiti tena mfalme, akawasikiliza mbayuwayu tu, akaona huruma kwamba lango zima limebaki mali ya ndege. Rabat upepo ulikuwa ukipita kati ya nguzo za msikiti usiokwisha kujengwa, kila nguzo na mlio wake. Fes ndiyo iliyomhuzunisha. Alisema ni mji unaomgeuzia mgeni mgongo: unasikia maji ya chemchemi nyuma ya ukuta, unasikia mwanamke anacheka, unasikia sahani, wala hujui ni nyumba gani. Amezunguka siku nzima akisikia watu wakiishi na hakuna mlango mmoja uliofunguka.

Mama yako alisikiliza kichwa kimeinama. "Mwambie huu umefunguka," akasema. "Na wewe Thami, tafsiri yote. Usimpunguzie chumvi."

Sikupunguza. Niliongeza neno moja tu. Kila Duarte aliposema "bibi", mimi nilisema "mama". Hilo ndilo ninalokiri mbele yako.

Unajua kulikuwa na maneno aliyokuwekea. Ulipomwomba ayaseme kwenye simu alikataa kila mara: maneno haya hayapiti kwenye waya, yanataka mkono uwe usoni. Asubuhi ile mkono wake ulikuwa usoni. Nikaelewa kinachokuja, ningeweza kumkatiza, sikumkatiza. Maneno yako, mpwa wangu, aliyapokea Mreno.

Baadaye, mlangoni, Duarte aliniuliza kama amefanya vibaya. Swali hilo nakuachia wewe. Mama yako hakulia akimuaga. Alisema, "Nenda, sasa unaijua njia." Tangu hapo alikula vizuri, akalala vizuri, akamtania Ghita. Wiki iliyofuata aliondoka usingizini. Hakukuulizia, Jawad. Mtu hamuulizii aliyekwisha kuja.

Nilimpa mama yako amani kwa mali isiyokuwa yangu. Kama nimekuibia, kumbuka kwamba nimemwibia mtoto nikampa mama, na kama huwezi kusamehe sitakulaumu. Lakini mali yako nakurudishia. Haya ndiyo aliyosema, na safari hii sikuongeza hata neno:

"Asubuhi ile uliyochukuliwa sikushuka mlangoni. Najua uliningoja. Ningeshuka ningekushika nguo, na baba yako angenibandua vidole kimoja kimoja ukiona. Nilisimama juu, nyuma ya dirisha la mbao. Uligeuka ukatazama juu, hukuniona. Mimi nilikuona. Kiatu chako kimoja kilikuwa hakijafungwa, kamba inaburuta kwenye mawe. Nilitaka kukuita nikwambie, lakini nilijua nikifungua mdomo halitatoka neno, kitatoka kilio. Nimekaa na neno hilo kooni tangu siku hiyo. Funga kiatu, mwanangu, utaanguka."

Nilipomaliza kutafsiri, yule Mreno alipiga goti, akafungua kamba ya kiatu chake, akaifunga upya, taratibu.

"Amefunga?" mama yako akauliza.

"Amefunga," nikamwambia.

Nawe kifunge, Jawad. Kisha njoo. Kama sitakuwepo, ufunguo utakuwa kwa Ghita, lakini usianze kwake. Anza mlangoni, na uishike pete ile ya chini. Utalazimika kuinama sasa.

Mpe Odile salamu zangu, na umbusu Lina kwenye paji kwa niaba ya bibi ambaye hakumgusa. Ghita anawasalimu, na anasema atakuja kuitazama pua yako mwenyewe.

Mungu asikukutanishe na mlango utakaokunyima jibu.

Wako, mjomba anayekupenda kwa pumzi zilizobaki,
Thami