Mwana wa Mdomoni

Bwera, Uganda

Mama yangu,

Shikamoo. Magoti yanakusumbuaje na mvua hizi? Na Baba, kikohozi kimemwachia? Mwandiko huu usikutishe. Naandika kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia umeungua tanurini na vidole viwili havikunjiki.

Mzee Thembo, tajiri wangu wa mikate, nilikuwa nikimsifia mno kwako: anatuita wanawe, sikukuu tunakula naye meza moja. Basi mwaka huu ukaja mpango wa kuwasaidia wenye biashara ndogo wawakatie wafanyakazi wao bima ya afya. Tajiri anatoa nusu, mpango unatoa nusu. Sisi wanne wa tanurini tulipiga vigelegele. Mzee akajaza fomu mwenyewe, akatuambia, "Batoto yangu, sasa hata mukigonjwa, hapana ogopa."

Siku nilipoungua nikapelekwa hospitali, Kasese. Dada wa dirishani akatafuta jina langu kwenye orodha, hola. Akanisomea walioandikwa: Baluku, Masika, Bwambale. Mama, hao ni watoto wa kuzaa wa Mzee! Wawili wanakaa Kampala, unga wanauona kwenye chapati tu. Daktari akasema vidole vipasuliwe mapema, visije vikakaa hivihivi. Bila bima nilifungwa bendeji nikarudi.

Nikamkabili Mzee. Wala hakuona haya. "Wewe iko mutoto yangu. Mutoto hapana andikwa mufanyakazi, ni aibu."

Eti aibu! Kwenye karatasi wanawe ndio wafanyakazi, na sisi wafanyakazi ni wanawe mdomoni. Nina hasira, Mama, mpaka chakula hakipiti.

Jana kaja na sukari na soda kunijulia hali, mwanangu huku, mwanangu kule. Nikamwambia, "Mzee, mimi mama yangu yuko Kigoma. Hapa niite mfanyakazi, kisha uniandike." Akanuna, akaondoka na soda yake.

Kuniandika sasa hakusaidii. Orodha imefungwa mpaka mwakani, na vidole havingoji. Wenzangu watatu ndio nimewaambia waende wakajisomee majina wenyewe.

Nisalimie Baba, na shangazi muuza dagaa. Mdogo wangu Zaina mwambie aanze kujifunza kukusuka nywele. Mimi sidhani kama nitaweza tena.

Ni mimi mwanao, uliyemzaa,
Mwajuma