Mashine ya Tshiela Inasikia Tshiluba Tu

Musonoi, Kolwezi
Jumatano, tarehe 13 Novemba 2024

Mpendwa mutoto wangu Séraphin,

Moyo, salamu, mwana wetu! Habari ya Galway? Mvua ya Irlandi haijakuotesha uyoga masikioni? Mama Mignonne na batoto beko bazima? Mi baba yako mudogo nipo. Magoti yamegoma, mudomo ungali kazini.

Tshiela, mujukuu wangu, alimaliza masomo ya ordinateri, ile munaita kompyuta. Ulipomwambia kwamba huko batu banaamuru mashine kwa Kiirlandi, luga ya bankambo, babu zabo, naye akatengeneza yake: unaandika amri kwa Tshiluba, luga yetu Bakasai tuliotoka Kasai, mashine inatii. Alinikalisha mbele yake, mi niliyetoroka shule darasa la nne. Nikakosea. Ikanijibu kwa Tshiluba kwamba haijanielewa, nianze tena. Nilidhani marehemu bibi yangu amefufuka.

Akafundisha batoto ya mutaa, kila kabila, barazani petu. Bakitoka, banaimba amri njiani: ambulula, ambulula! Yaani rudia. Hapo ndipo bazazi balitega masikio.

Sasa sokoni inasemwa: mashine ya Bakasai inasikia Bakasai tu, na kesho kazi yote ya mine, ya migodini, itapita ndani ya mashine. Nimeeleza kwamba ni masomo tu. Banaitika, huku banatazama paa yetu kama ya kurithi.

Batoto hawaji tena. Juzi jirani tunayekula naye bukari, ugali wetu, aliita toka njiani: "Tata Ngeleka, mashine yenu inajua njia ya gare ya treni?" Nikamujibu: "Inajua hata njia ya chumba cha mama-mukwe wako!" Batu balicheka. Yeye hapana.

Mwaka wa tisini na tatu, wewe ulikuwa mugongoni mwa mama yako, Bakasai wote tulipofukuzwa hapa tukalala ku gare, tukingoja treni ya Kasai. Waliozikwa kando ya reli, majina yao unayajua.

Tshiela anasema ataongeza Kisanga, Kilunda na Kiswahili, kila mutoto na luga yake. Akili nzuri, imechelewa. Nikamushauri aweke Kiirlandi: hapa Kolwezi hakuna anayechukia Bairlandi. Bado.

"Nkambo, usinichekeshe, niko na kazi," akasema.

Jana Abibu, Mwislamu mwenye camion, lori la mizigo, rafiki yangu wa utani, alikuja mchana kweupe. Hakukaa, hakunywa chai, hakunitania. "Muzee, Jumamosi napeleka mizigo Mwene-Ditu, kule kwenu Kasai. Kuko nafasi ya batu wawili. Usiniulize nimesikia nini."

Nimekubali nafasi moja. Tshiela hajui.

Wewe tu ndiye anakusikia. Binti ya Abibu, Hawa, atakutumia picha ya barua hii kwa simu. Ukiisoma, mupigie Tshiela mara moja. Sema shangazi yako Mushiya wa Mwene-Ditu anakufa na anamuita. Mushiya ni muzima kuliko mbuzi, lakini nimemuagiza alale na aanze kukohoa.

Mi nabaki. Batakaofika hapa bamukute muzee mbele ya mashine, anakosea amri.

Nisalimie Mignonne, Benoît na yule mudogo ambaye sijamuona. Mungu abafunike nyote, na huku atuachie hata kipande cha hilo blanketi.

Ni mi baba yako mudogo, nikupendaye na kukusumbua,
Ngeleka