Mashine Iliyokataliwa Ng'ambo ya Waya

Albuquerque, 4 Mei 1997

Mdogo wangu Eloy,

“Ukweli ni mmoja, uwe katika mahakama ya jimbo au ya shirikisho.” Hayo kayasema mwendesha mashtaka wa shirikisho kwenye gazeti la jana, na kahawa yangu ikapoa mezani. Ngoja nikusalimu kwanza. Hujambo? Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila goti linanisumbua nikipanda ngazi.

Sasa turudi kwa bwana huyo. Kama ukweli ni mmoja, anieleze hili. Machi mwaka jana, siku ya kusafisha mfereji wetu wa kumwagilia mashamba, moto wa magugu uliruka waya wa mpaka ukala misonobari ya msitu wa taifa. Kaunti ikakushtaki wewe, kwa sababu ndiwe msimamizi wa mfereji na mlinzi wa msitu aliliona gari lako karibu na moshi. Ukakubali kufungwa mashine ya kupima uongo. Ukapita. Hapa New Mexico jaji wa jimbo anaweza kuruhusu mashine hiyo isikilizwe kortini, basi kaunti ikaona kesi haisimami, ikaifuta. Tukapika posole, ule mchuzi wetu wa mahindi na nyama, tukala na majirani.

Halafu wakaja hawa wa shirikisho na mashtaka yaleyale, eti miti ni yao, na kwao mashine haina nafasi. Serikali hiyohiyo huwapima majasusi wake kwa mashine hiyohiyo kabla ya kuwaajiri. Je, huo ndio ukweli mmoja?

Nimeshaanza makala ya kuwajibu. Wewe usisaini chochote.

Dada yako,
Orlinda


El Sauzal, 15 Mei 1997

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako imenikuta mzima, mgongo nao umetulia tangu joto lianze. Maji ya mfereji yamekuja vizuri, maharage yamechipua. Pole na goti. Ulipake ile dawa ya mama, usione haya kunuka.

Kuhusu kesi, nitakwambia ukweli, sielewi. Wakili niliyepewa na mahakama, Bi Haskell, ni binti mwenye subira. Amenieleza mara nyingi. Anasema jaji wa shirikisho anaogopa wale raia kumi na wawili wanaoamua kesi wakiisikia mashine wataacha kumtazama mtu, watarudia tu jibu la mashine. Nikamuuliza, na jaji wa jimbo haogopi? Akasema huyo anawaamini zaidi raia wake, au anaiamini zaidi mashine, hata yeye hajui ni lipi. Moto ulianza upande wetu wa waya ukaishia upande wao. Kwa hiyo upande huu mimi ni mkweli, na upande ule sijulikani. Nikienda kutafuta ng'ombe aliyepotea msituni, sijui ninapovuka nageuka nini.

Juzi pale posta Don Fermín aliniuliza mbele ya watu, “Eloy, kwani mashine yako haina pasipoti?” Watu wakacheka, nami nikacheka. Wakanipigapiga bega, wakasema nisihofu, mashine imeshasema, nani atabisha. Ndivyo wanavyosema wote wa mfereji.

Bi Haskell anataka mtu aliyeniona kule juu kwenye lango la maji moshi ulipoanza. Gari nililiacha chini, nikapanda kwa miguu nikifuata mfereji, kama kila mwaka. Nimemwambia nitafikiri.

Mdogo wako,
Eloy


Albuquerque, 29 Mei 1997

Mdogo wangu,

Natumaini huu mwezi unakutendea mema. Goti limepona, dawa ya mama inanuka kama zizi, na makala yangu imetoka. Nimemvua nguo yule mwendesha mashtaka mbele ya wasomaji wote wa jimbo.

Haikusaidia. Jana jaji ametoa uamuzi: mashine haitatajwa kortini, hata kwa kugusiwa tu. Amesema mashine haiwezi kuulizwa maswali na upande wa pili. Nilikuwa nimekaa nyuma, nikaguna kwa sauti, askari akanitazama.

Sasa nijibu jambo moja. Wewe ni mtu wa kufikiri polepole, sawa, lakini unafikiri nini kuhusu shahidi? Siku ya kusafisha mfereji watu wamejaa na majembe kutoka juu mpaka chini. Haiwezekani asiwepo aliyekuona kwenye lango. Kwa nini hakuna hata mmoja anayekuja?

Dada yako,
Orlinda


Albuquerque, 20 Juni 1997

Eloy,

U mzima? Hujajibu. Nimempigia padre, akasema anakuona kanisani na kwamba umekonda.

Nimekwenda kwa Bi Haskell nikasoma maswali uliyoulizwa siku ya mashine. Uliulizwa kama uliwasha moto. Uliulizwa kama ulimwamuru mtu awashe. Uliulizwa kama ulikuwa karibu ulipoanza. Ukasema hapana, hapana, hapana, na mashine ikakubali. Nikageuza karatasi kutafuta swali lingine. Halipo. Hakuna aliyekuuliza kama unamjua aliyewasha.

Mimi nakuuliza.

Orlinda


El Sauzal, 2 Julai 1997

Dada yangu,

Nisamehe kwa kimya. Huku tu wazima, mvua bado. Nakonda kwa sababu chakula hakipiti, si ugonjwa.

Ndiyo, namjua. Nilikuwa kwenye lango la juu, nikamwona chini akipita na tochi ya gesi akichoma magugu ukingoni. Nilikuwa nimekataza kuchoma siku ile kwa ajili ya upepo. Nikapiga kelele, hakusikia. Sikutajii jina lake, wala usibahatishe. Unajua tulivyolelewa. Mtu wa mfereji akikosea, anashtakiwa kwenye mkutano wa mfereji, na msimamizi hampeleki mtu wake kwa watu wa nje. Baba alikuwa msimamizi, hakuwahi kufanya hivyo. Basi nikasubiri aje mwenyewe. Siku niliyopita mtihani wa mashine alinishika mkono akasema, “Afadhali, Eloy, imekwisha.” Macho yake yalikuwa mekundu. Nikajua hatakuja tena kujitaja, kwa kuwa anadhani imekwisha kweli.

Nilidhani mashine itanisemea mimi bila kumsema yeye. Upande wa jimbo ilifanya hivyo. Sasa nikipanda mwenyewe kizimbani kusema sikuwasha, yule mwendesha mashtaka ataniuliza, nani basi? Na nitakuwa nimeapa. Hao wengine walioniona kule juu nao wanaogopa swali hilohilo, kwa kuwa walimwona pia.

Bi Haskell amenieleza kuna makubaliano: nikikiri kosa Jumatatu ya tarehe 14, nitafungwa kidogo kuliko nikishindwa. Kwa hiyo nikisema uongo nitapunguziwa, na nikinyamaza nitaongezewa. Sijui hii ni sheria ya upande gani, dada. Nafikiri nitasaini.

Mdogo wako,
Eloy


Albuquerque, 7 Julai 1997

Mdogo wangu,

Sina salamu nzuri leo, nina hizi tu: nakupenda, na nimekukasirikia.

Mwaka mzima nimeipigania mashine. Nimewaita majaji wa shirikisho vipofu, na leo nalazimika kukubali kwamba yule mmoja aliona kitu ambacho mimi sikukiona: mashine haiwezi kuulizwa “nani basi?” Nawe ulijificha humo. Bado nasema ni wazimu mtu mmoja kupimwa kwa mizani mbili kwa sababu ya waya wa ng'ombe. Lakini sijui tena ni mizani ipi ningeichagua, na silipendi hata kidogo jambo hilo.

Usisaini. Unisikie. Kama huwezi kumtaja, usijitaje wewe kwa kosa lake. Jumapili mna mkutano wa mfereji. Ukurasa wa pili wa barua hii si wako. Mpe Don Fermín, ana sauti nzito, ausome mbele ya wote.

Dada yako,
Orlinda

*

Kwenu wote wenye haki ya maji katika mfereji wa El Sauzal.

Mimi ni Orlinda, binti wa msimamizi mliyemzika kwa heshima. Mashine mliyoitegemea haitaingia kortini. Hakuna kilichokwisha. Kesho Eloy atasimama mbele ya jaji aseme aliwasha moto ambao nyote mnajua hakuwasha, kwa sababu anawatunzia desturi ambayo ninyi mmeigeuza maficho.

Mliomwona kwenye lango la juu: pandeni gari leo jioni, nyumba yangu ina nafasi, na asubuhi mwambieni Bi Haskell alikuwa wapi.

Na wewe uliyeshika tochi ya gesi, sikujui, na sitaki kukujua kutoka kinywani mwa ndugu yangu. Umekaa kwenye benchi hilo sasa hivi, unasikiliza. Simama. Sema jina lako mbele ya watu wako kwanza, kama desturi inavyotaka. Kisha njoo Albuquerque uliseme tena, kabla kalamu haijamfikia Eloy.