Mama, Mtoto Amekaa Kitako

Mama,

Nakuandikia nikiwa nimeegemea upande mmoja, maana kukaa sawasawa siwezi tena. Kichwa cha mjukuu wako kiko hapa chini ya mbavu zangu, kigumu, kila nikivuta pumzi nakisikia. Wiki ya thelathini na saba hii na bado ametanguliza makalio. Ungekuwepo ungemcheka kwanza, halafu ungenuna.

Tangu tukuzike Isongole nimefanya mambo mengi ya kijinga, lakini hili la juzi nataka ulisikie kwangu mwenyewe.

Mama mdogo Enesi alikuja hapa Tunduma na beseni lako la bati, lile la mafuta ya kuwakandia wajawazito. Wewe ulilitundika ukutani mwaka ule jirani yetu alipotokwa damu baada ya wewe kumgeuza mtoto wake tumboni. Nilikuwa darasa la sita. Ulisema tu, "Mimi ndani sioni," na kuanzia siku hiyo kila mwenye mtoto aliyekaa kitako ulimsindikiza hospitali mwenyewe. Hayo yote nilikuwa nayajua. Nikalala mkekani hivyo hivyo.

Si kwamba nilimwamini sana Mama mdogo. Ila alipasha viganja juu ya jiko kama wewe, akanukia mafuta ya alizeti kama wewe, na mikono yenu inafanana mno. Miezi saba hakuna aliyenishika hivyo, Mama. Nikamwachia. Alisukuma taratibu, kisha kwa nguvu, nami nikauma kitenge. Mtoto hakugeuka. Ila alinyamaza.

Unakujua kunyamaza kule. Nilikunywa uji wa moto, nikalalia ubavu wa kushoto, nikasubiri teke. Hakuna. Mume wangu Yohana alinipakia kwenye bodaboda yake, tukapenya katikati ya malori ya foleni ya mpakani, mimi nimeshika tumbo kwa mikono miwili nikimwomba mtoto msamaha. Kwenye kituo cha afya nesi alitafuta mapigo ya moyo ya mtoto muda mrefu sana. Alipoyapata nililia, akaniacha nimalize, ndipo akanigombeza: "Dada, huyu si chapati ya kugeuzageuza."

Alinieleza vizuri, kama ulivyokuwa ukiwaeleza wajawazito wenzangu. Upasuaji ni Alhamisi, Vwawa. Lakini chupa ikipasuka kabla ya hapo nisingoje uchungu, niende palepale, kwa sababu makalio hayazibi njia kama kichwa na kitovu kinaweza kutangulia kikabanwa, mtoto akakosa hewa. Tangu aliposema hivyo sina amani. Nikihisi unyevu kidogo tu nashtuka. Kila saa nachungulia barabarani, malori yamejipanga hayasogei, nawaza ikitokea sasa hivi tutapita wapi. Kwa hiyo kesho asubuhi nahamia Vwawa kwa wifi yangu, nyumba yake iko karibu na hospitali. Yohana anasema nina haraka. Mwache aseme.

Mama mdogo bado analia jikoni. Nimemwambia kosa ni letu wote wawili, na kwamba beseni halirudi Isongole. Nimelisugua kwa majivu mpaka harufu ya mafuta ikaisha. Iliniuma, maana ilikuwa harufu yako. Nimelipanga pamoja na kanga za mtoto, atakuwa anaogeshewa humo. Hilo nakuahidi, na nakuahidi pia kwamba hakuna mkono utakaomsukuma tena mwanangu, hata ufanane na wako namna gani.

Naogopa, Mama. Naogopa kisu, naogopa asitoke akilia, naogopa nisirudi. Na tangu ufe nimekuwa nikikuomba kila siku unijie, hata ndotoni.

Sasa nakuomba kitu kingine. Alhamisi nikiwa juu ya kile kitanda cha upasuaji, usinijie. Hata nikikuita, usije kunipokea. Kaa hukohuko upumzike, uniache huku na mwanangu.

Mwanao,
Tusekile