Jumamosi za Kuimba Huruma

Jumamosi, 8 Machi 2025

Nabwire, jirani yangu, amenitoa kitandani leo. Hakubembeleza — alileta maji ya kuoga, akaketi mlangoni kungoja. Miezi miwili sijashika sindano. Kibanda changu cha mikoba ya ngozi kule sokoni Kariokor kimefungwa. Nesi wa zahanati anasema ni dipresheni. Mimi nilijiita mvivu.

Akanipeleka ukumbi wa kanisa, hapa mtaani Huruma, kwenye kikundi cha kuimba. Watu tisa, ngoma mbili, kayamba moja. Wote wanaugua kama mimi. Mwalimu Kweyu, anayetuongoza, akasema hakuna anayelazimishwa kuimba. Sikuimba. Nilikaa kando ya Mzee Ngui, fundi wa mawe aliyestaafu. Akaniwekea kayamba magotini. "Nishikie tu, msichana wangu. Mikono imechoka." Uongo mtupu. Mikono yake ni kama koleo.

Jumamosi, 15 Machi

Leo nimeitikisa kayamba. Vibaya. Mzee Ngui anasema natikisa kama mtu anayetafuta mawe kwenye mchele. Nikacheka — nikashtuka kujisikia nacheka.

Kwenye chai akanieleza: tangu mkewe afariki, anaweza kumaliza siku tatu bila kutamka neno. Jumamosi ndiyo humfungua mdomo.

Jumatano, 19 Machi

Nimefungua kibanda. Kwa muda wa saa mbili tu. Nimeshona mshikio mmoja wa mkoba. Umenyooka.

Jumamosi, 22 Machi

Mzee Ngui hakuja. Simu imezimwa. Tulianza wimbo, ukafia njiani. Kisha nikasikia mtu akisema, "Twendeni kwake." Kumbe ni mimi.

Anaishi flati, ghorofa ya nne. Nabwire akabisha. Akabisha tena.

"Rudini nyumbani. Leo siwezi," akasema kutoka ndani.

Yu hai. Nikasema, "Mzee, usifungue. Si lazima. Tutaimba hapa hapa."

Tukaimba. Majirani wakachungulia, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaitikia nasi. Ubeti wa pili, tukasikia kiti kikiburutwa ndani, kikaja mpaka karibu na mlango.

"Sauti mmeianza juu sana," akasema Mzee. "Mtakwama."

Kweyu amecheka hadi kufuta macho. Wenzangu wamekaa kwenye ngazi, wanapumua. Naandika haya upesi. Komeo halijaguswa. Kweyu anataka nianzishe mimi. Sijawahi kuanzisha wimbo maishani.

Nimeweka mdomo karibu na mlango, nikatoa sauti ya kuanzia. "Mzee, hapa?"

"Bado. Shuka kidogo."