Vikombe Vilivyorudi Vimejaa

Deo, rafiki yangu,

Mkahawa wetu umefunguliwa. Nilitaka uisikie habari hii kutoka kwangu, ingawa sijui huko uliko habari hufika kwa njia gani. Ni saa tisa mchana, mvua imetoka kunyesha, na nimekaa kwenye meza ya dirishani kwa sababu miguu imevimba kwa kusimama. Nimechoka, Deo. Nakuambia mapema ili usishangae mwandiko ukilegea.

Ni miezi minne tangu tukuzike Masisi, juu kule kwenu, ng'ombe wa baba yako wakituangalia kutoka ng'ambo ya ua. Kibao chako nilikipachika juu ya mlango vilevile ulivyokiandika, DEO NA FAUSTIN, na ile N ya pili imepinda. Rangi ile ya bluu ilikuwa bado kwenye kucha zako siku walipokulaza hospitalini. Nilitaka kukusafisha, mwuguzi akaniambia niache.

Meza ni sita. Vitambaa nimeweka, najua ungecheka. Unakumbuka tulivyobishana miaka yote ile jikoni hotelini, wewe kwenye moto na mimi nikisubiri sahani? Mimi nilisema watu wa cité, huku mitaani kwetu Waafrika, wakipata mkahawa wao watataka vitambaa vyeupe, kisahani chini ya kikombe, na kuitwa Monsieur. Wewe ulisema watataka maziwa. Ukisema maziwa ulikuwa unaanza kusimulia ng'ombe, na hapo hakuna aliyeweza kukunyamazisha. Kisha ukaniambia neno ambalo nililikataa siku ile: "Faustin, mutu akitoka mu lori hatafute kitambaa. Anatafuta fasi ya kuegemea mugongo." Basi ujue kwamba nimeyafanya yote mawili. Vitambaa viko, na mabenchi nimeyasukuma hadi ukutani.

Siku ya kwanza walikuja wengi. Madereva wawili waliotoka Bunagana na vumbi lao, karani wa ofisi ya serikali, ya teritware, aliyetugongea muhuri kwenye karatasi ya ruhusa, katekista, na fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara. Walisifu harufu. Walisifu vitambaa, naomba uandike hilo popote mnapoandika huko. Niliwapelekea kahawa jinsi tulivyofundishwa: kwa mkono wa kulia, kisahani kikitangulia, kijiko upande mmoja, halafu hatua mbili nyuma, taulo mkononi, macho mbali. Wakakoroga sukari. Wakazungumza habari za barabara na mvua. Wakalipa, wakashukuru, wakaondoka.

Nilipokwenda kukusanya vikombe vilikuwa vimejaa, vyote.

Nilidhani ni moto mno. Kesho yake ikawa vilevile. Nikamwuliza dereva mmoja, mtu mnene mwenye tabasamu, kama kuna kitu hakipendezi. "Niko naacha ipoe kidogo, papa," akasema. Akaiacha ipoe saa nzima, akavaa kofia, akaenda zake. Nikabadilisha sukari. Nikaacha kuchoma buni sana. Nikaanza kununua maziwa kwa yule mama wa Himbi anayepelekea nyumba za Wazungu, nikajiambia haya, Deo, tuone kama ulikuwa na akili. Maziwa nayo yakarudi, yameganda utando juu. Kila siku nilikuwa namwaga kahawa nyuma ya nyumba, kwenye mawe meusi. Yale mawe yanameza kila kitu, hata tope halibaki. Nilisimama pale na ndoo nikijiuliza watu hawa wanataka nini kwangu.

Na walikuwa wanarudi! Hilo ndilo lililonichosha kuliko yote. Kama wangekaa kwao ningefunga mlango nikaenda kuomba kazi tena hotelini. Lakini walikuja, walitaka kukaa, walitaka ule ukuta mgongoni na mtu wa kuongea naye, na kikombe mbele yao ili wasionekane wamekaa bure. Walitaka kila kitu isipokuwa kile nilichokipika.

Aliyenifungua macho ni Mama Furaha, yule jirani wa upande wa juu anayeniletea mandazi ya kuuza. Alinikuta ninamwaga ndoo. Aliweka kapu chini, akaniangalia kama mtu anayemwonea mwenzake haya.

"Papa Faustin, batu beko naogopa," akasema. "Banasema Deo alikunywa kahawa kwako siku ya Mungu, kiisha juma moja akakufa. Na weye unawekea mutu kikombe, unarudi nyuma, unasimama sawa askari. Juu ya nini hauonje?"

Deo, nilikaa juu ya mawe yale nikiwa na ndoo mikononi.

Kwa nini sionji! Mimi, mtoto wa vilima vilevile ulikotoka wewe, ambaye sijawahi kuona mtu anampa mwenzake pombe ya ndizi bila kunywa yeye kwanza ili mgeni aone kwamba mtungi hauna kitu kibaya. Mara ya kwanza uliponipeleka kwenu, mama yako aliniletea maziwa, akanywa funda moja mbele yangu, ndipo akanipa. Sikuliona kuwa jambo. Ni adabu, ndivyo mtu anavyopewa kitu. Lakini miaka tisa hotelini ilinifanya kuwa mtu mwingine. Unamkumbuka mkubwa wetu wa chumba cha kulia, alivyokuwa anainua vikombe kwenye mwanga wa dirisha kutafuta alama ya mdomo? Atakayegusa kikombe cha mgeni kwa midomo yake, alisema, arudi kwao siku hiyohiyo. Nililijua somo hilo kuliko sala zangu. Nikalileta mpaka hapa, kwa watu wetu wenyewe, nikiona fahari.

Na wengi wao, kahawa wanaijua kwa kuichuma tu. Wameibeba magunia kwa magunia mashambani kwa Wazungu na hawajawahi kuitia mdomoni. Ni nyeusi, ni chungu, imetoka kwa mtu ambaye rafiki yake alikufa. Mimi pia ningeiacha ipoe.

Sasa nitakuambia jambo ambalo sijamwambia hata padri.

Kesho yake niliamua kuonja. Yule karani alikuja asubuhi, akakaa mahali pake. Nikamletea kikombe, nikasema, "Monsieur, naanza mimi," nikakiinua. Na mkono ukasimama. Ulisimama hapa, Deo, karibu na kidevu, nikaisikia harufu na nikaiona Jumapili ile nyumbani kwangu: wewe ukikoroga buni kwenye kikaango, ukitwanga kwenye kinu cha mke wangu, ukichuja kwa kile kitambaa kipya, ukisema, "Sasa hii njo kahawa, si ile maji tunapatiaka Wazungu." Ulikunywa vikombe viwili. Mimi nilikunywa nusu, nikainuka kumpokea shemeji yangu mlangoni, na yangu ikapoa ikamwagwa. Wewe viwili, mimi nusu. Tangu siku uliyokufa nimekuwa nikijiuliza kama nilisuuza lile birika jipya, kama kile kitambaa kilikuwa na dawa ya dukani, kama kikaango kilikuwa na kutu. Waliokuwa wananiogopa hawakuniogopa kuliko nilivyojiogopa mwenyewe. Sikuwa nimeonja kahawa hata tone moja tangu tukuzike.

Karani aliuona mkono ulivyosimama. Alichukua kofia yake, akatoka, na kabla ya saa sita cité nzima ilijua kwamba Faustin mwenyewe hawezi kuinywa kahawa yake.

Baada ya hapo hawakuja tena, hata wa kukaa tu. Siku tano nilifungua mlango, nikapanga vikombe, nikafunga mlango. Wengine waliniambia nikifute kibao, niandike jina langu peke yangu au la mtakatifu fulani, pengine watasahau. Nilileta ngazi, Deo. Naona haya kukuambia, lakini niliileta, na nikapanda hadi kwenye jina lako na kitambaa chenye mafuta ya taa mkononi. Nikashuka. Si ushujaa, nilichoka tu, nikasema nitafuta kesho.

Kesho hiyo ndiyo siku mama yako alipokuja.

Aliteremka kwenye lori la maziwa, amekaa mbele na dereva, amevaa kitenge cha ibada na kubeba kibuyu. Sikujua nani amempelekea habari. Nilipomwona anauliza njia kwa fundi cherehani nilijua mambo mawili yanaweza kutokea, na yote mawili nilistahili: atanilaani mbele ya watu, au atakichukua kibao chako aende nacho. Watu nao walidhani hivyo, maana walimfuata. Mlango ulijaa. Mama Furaha alikuwepo, dereva yule mnene alikuwepo, hata karani alisimama ng'ambo ya barabara akijifanya anangoja mtu.

Mama yako alisoma kibao, au alikiangalia tu, sijui kama anajua kusoma. Akaingia, akakaa kwenye benchi, mgongo ukutani, pale pale ulipokuwa unasema watu watataka kukaa. Kisha akasema kwa Kiswahili, yeye ambaye hapendi Kiswahili, ili walioko mlangoni wasikie: "Unipatie kahawa ya mutoto yangu."

Nilipika. Maji yalichukua muda mrefu kuliko siku zote. Nikaleta kikombe, bila kisahani, nilikisahau, na nikasimama mbele yake nikijua kwamba leo lazima ninywe, hata kama ni sumu, ninywe. Nikakiinua. Ule mkono ukasimama tena.

Alikichukua kutoka mikononi mwangu kabla hakijafika mdomoni.

"Mu nyumba ya mutoto yangu," akasema, "hakuna mutu wa kunionjea."

Akanywa. Hakunywa funda la adabu, alikunywa hadi nusu, na uso wake ukakunjamana jinsi ulivyokunjamana wa kwako ulipokunywa dawa ya minyoo hotelini. "Iko chungu sana," akasema. "Njo juu ya hii aliacha ng'ombe yetu?" Mlangoni mtu alicheka, akanyamaza haraka. Mama yako akafungua kibuyu, akamimina maziwa kwenye kahawa iliyobaki hadi ikajaa, akanisukumia kikombe. Akasema kwa lugha yetu ya vilimani, sasa si kwa ajili ya mlango, kwa ajili yangu: kunywa, mwanangu, umekonda.

Nikanywa, Deo. Nililia ndani ya kikombe, na maziwa yalikuwa matamu, na ulikuwa unasema kweli miaka yote ile.

Aliniambia kuhusu tumbo lako. Kwamba tangu utotoni ulikuwa unajikunja kwa upande wa kulia, unajificha nyuma ya zizi mpaka lipite, na unasema umeshiba. Kwamba mwuguzi alimweleza utumbo ulikuwa umeoza muda mrefu kabla haujapasuka. Umeshiba! Mara ngapi nimekuona umeegemea meza ya jikoni, jasho kwenye paji la uso, nakuuliza una nini, unasema umeshiba? Nimekukasirikia. Bado nimekukasirikia, ujue hivyo, na nitakukasirikia mpaka nizeeke. Ungesema tu. Ningekubeba mwenyewe hadi hospitali, na leo ungekuwa hapa unanisumbua na habari za ng'ombe.

Sasa wanakunywa. Si wote. Karani bado anapita ng'ambo, na katekista anaomba chai. Lakini madereva wanakuja, na wake zao pia wameanza kuja, na maziwa yanashuka na lori kutoka kwenu mara tatu kwa juma. Na kila mmoja, Deo, kila mmoja anasubiri. Nikiweka kikombe mezani ananiangalia mpaka ninywe funda langu. Kutwa nzima naonja. Moyo unanidunda, tumbo linawaka, usingizi sina, mke wangu anasema nazungumza haraka mno. Kule hotelini nilifundishwa kuwa mtu asiyekuwepo, na hapa wananilipa niwepo. Nimechoka kuliko nilipokuwa natembeza sahani mia. Ukiniuliza leo wateja wanataka nini, si kitambaa. Nusu ni ukuta na maziwa, hapo umeshinda. Nusu nyingine ni mtu anayekubali kunywa kabla yao.

Mvua imeanza tena, na watu wataingia kujikinga. Lazima niinuke.

Pumzika, rafiki yangu. Hapo upande wa kulia pasikuume tena. Nakuahidi kibao hakitafutwa, na ile N sitaisahihisha. Nakuahidi nitamwonjea kila atakayekaa kwenye benchi lako, mgeni au jirani, hata karani, siku atakapovuka barabara. Isipokuwa kikombe kimoja. Kila asubuhi, kabla sijafungua mlango, napika cha kwanza, natia maziwa ya kwenu, nakaa mgongo ukutani na kunywa chote peke yangu, taratibu, na hakuna mtu wa kunionjea.

Wako,
Faustin